Mdai Anapobisha Hodi

Ndugu wasikilizaji, maafisa na askari wa jeshi na wa polisi, mlioko kambini, vituoni, barabarani na majumbani:

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuitazama siku ile ambayo harusi imekwisha na matanga yamekaribia, yaani siku ambayo mdai anapeleka habari kwamba kesho atafika nyumbani kwako.

Tuchukue mfano. Askari mmoja anakaa Kicukiro, hapa Kigali, pamoja na mkewe na watoto watatu. Alikopa fedha ili amalizie paa la nyumba. Mwezi wa kwanza alilipa, mwezi wa pili akalipa nusu, mwezi wa tatu akanyamaza. Sasa ameletewa ujumbe: "Kesho jioni nakuja kwako." Askari huyu anazima simu, kisha anamwagiza mkewe amwambie mgeni kuwa mwenye nyumba yuko zamu. Mtoto anayasikia hayo yote. Mtu asiyeogopa doria ya usiku sasa anamwogopa mtu mwenye daftari, na mwanawe amefundishwa uongo.

Ndugu wasikilizaji, kujificha hakupunguzi deni hata faranga moja. Lakini pia si kila abishaye hodi ana haki ya kuingia. Hatuna budi kutofautisha wageni wa namna tatu.

Mgeni wa kwanza ni mtumishi wa benki au wa chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa. Huyu huja mchana, kwa jina lake na kwa barua ya ofisi yake. Shida yake ni kujua utalipa lini. Mtu wa namna hii hafai kukimbiwa. Tena, afadhali wewe umtangulie: nenda ofisini kwake kabla hajafika kwako, ueleze mshahara wako na matumizi yako, uombe muda mpya wa kulipa, na mapatano hayo yaandikwe. Mkopeshaji mwenye busara hupendelea kulipwa kidogo kidogo kuliko kuanza kesi.

Mgeni wa pili ni mtekelezaji wa hukumu, ambaye sisi Rwanda twamwita umuhesha w'inkiko. Kazi yake imewekwa na sheria ya mwaka 2013. Huyu haji kwa hasira ya mdai, bali huja na hati iliyopigwa muhuri wa utekelezaji, ule uitwao kashe mpuruza. Isome hati hiyo, uangalie jina, kiasi na mahakama iliyoitoa. Ikiwa ni sahihi, usimzuie. Ukiwa na hoja, ipeleke mahakamani. Nayo sheria haikumwacha mdaiwa mtupu, kwani zipo mali ambazo haziruhusiwi kukamatwa.

Mgeni wa tatu ndiye wa hatari. Katika nchi yetu biashara yake imepewa jina la Banki Lamberi, jina lililoazimwa kwa benki ya zamani ya Ubelgiji, ambayo haihusiki kwa lolote. Huyu hukopesha kwa riba kubwa bila kibali cha Benki Kuu ya Rwanda, na kufanya hivyo ni kuvunja sheria. Hakuandikishi mkataba wa mkopo ulio wazi. Atakuandikisha kwamba umepokea kiasi kikubwa kuliko ulichopewa, au kwamba umemuuzia nyumba yako. Atataka kadi yako ya benki. Zaidi ya yote, atataka hundi.

Kwa nini hundi? Kwa sababu deni tupu ni jambo la madai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1975, unasema wazi kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Lakini kutoa hundi isiyo na fedha ni jinai. Basi kwa kuisaini hundi ile, umemkabidhi mdai ufunguo wa jela yako mwenyewe. Tangu siku hiyo yeye hana haja ya mahakama ya madai. Akutishe tu, nawe utalipa riba juu ya riba.

Huyu akija na vijana na gari la kubebea vyombo, hana ruhusa ya kupita kizingiti. Katiba yetu, katika kifungu cha 23, inasema makazi ya mtu hayaingiliwi bila idhini ya mwenyewe, isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Zungumza naye nje, mchana, mbele ya jirani au kiongozi wa mtaa. Usimpe televisheni wala hati ya kiwanja ili aondoke. Ukipatwa na vitisho, iarifu Polisi au Idara ya Upelelezi, RIB. Wala usijibu kwa ngumi, seuze kwa silaha. Silaha uliyokabidhiwa ni ya taifa, haina kazi katika deni lako.

Sasa tuugeukie upande wa pili wa jambo hili, kwa maana wengi wenu si wadaiwa, bali mwaombwa msaada na wadai. Rafiki anakuja na kusema, "Afande, nisindikize mara moja tu, akikuona na sare atalipa." La hasha! Sare haikushonwa ili kudai fedha za watu binafsi. Pale mtekelezaji wa hukumu anapoomba ulinzi kwa njia ya sheria, polisi huenda kulinda amani, wala hawaendi kubeba vyombo. Pasipo hati, askari aliyesimama mlangoni pa raia kwa ajili ya deni la mwenzake ni mshirika wa uonevu. Mwelekeze rafiki huyo mahakamani, au kwa Abunzi ikiwa dai lake ni dogo. Raia akiogopeshwa na sare leo, kesho hataikimbilia atakapovamiwa na mwizi.

Na mwanzo wa yote ni kukopa mahali panapofaa. Mwaka 1997 kilianzishwa chama cha Zigama kwa ajili ya askari, na leo kinawahudumia wanajeshi, polisi na askari magereza. Jina lake kwa Kinyarwanda ni amri: weka akiba. Mtu aliye na mlango huo, kisha akaenda gizani kusaini hundi tupu, amejitafutia mgeni wa tatu kwa mikono yake.

Ndugu wasikilizaji, dawa ya deni ni kulipa. Usiku huu, kabla hujalala, mwambie mkeo au mumeo kiasi unachodaiwa na unadaiwa na nani. Kesho asubuhi iwashe simu, umpigie mdai wako kabla yeye hajakupigia. Mficha maradhi, kilio humfichua.