Haki ya Adhabu Ipimwe kwa Takwimu

Msikilizaji, mtu akiiba magunia ya kahawa wilayani Muleba na mwingine akatenda kosa hilohilo Bukoba, katika mazingira yanayofanana, wananchi wana haki ya kutarajia adhabu zinazokaribiana. Uganda ilitoa miongozo ya adhabu mwaka 2013, Kenya 2016. Tanzania nayo ina Mwongozo wa Utoaji Adhabu wa mwaka 2023.

Lakini mwongozo haujipimi wenyewe. Unahitaji takwimu: thamani ya mali, iwapo mshtakiwa alikiri, kama ni kosa lake la kwanza, muda aliokaa mahabusu na adhabu aliyopewa. Idadi ya wafungwa pekee haionyeshi hayo.

Mfano ni Sheria ya Huduma kwa Jamii ya Tanzania ya mwaka 2002. Inaruhusu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi za jamii badala ya kwenda gerezani. Je, sheria hii inatumika Muleba sawa na Bukoba? Jibu limo kwenye majalada ya kesi, likisubiri kuhesabiwa.

Takwimu zina mipaka. Kwa mfano, kisheria unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30. Kuibadilisha adhabu hiyo ni kazi ya Bunge. Na wastani wa hukumu zilizopita usimzuie hakimu kumsikiliza aliyesimama mbele yake.

Kwa hiyo Mahakama ichapishe kila mwaka takwimu za adhabu kwa wilaya na kwa kosa, bila majina. Tofauti zisizo na sababu zikionekana, mwongozo urekebishwe. Uhuru wa mtu usitegemee wilaya aliyoshtakiwa.