Maji ya Dundori Hayachemki kwa Nyuzi Mia

(Mazungumzo na vijana wa Dundori, yameandikwa kwa ajili yenu ambao hamkufika)



Ndugu zangu na dada zangu, mlio hapa Dundori na mnaotufuata kwenye simu kutoka Lanet, Bahati mpaka Nakuru mjini, naanza na swali la shule ya msingi. Maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Najua jibu liko mdomoni tayari: mia. Liko kitabuni, limetahiniwa, mwalimu amelitilia tiki. Sasa teka maji hapa hapa kwetu, bandika sufuria, tia themometa. Wallahi mia hutaiona. Dundori iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi au chini yake. Hewa ya huku juu inayakandamiza maji kidogo kuliko hewa ya Mombasa, kwa hivyo yanatokota kabla hayajapata joto lote. Ndiyo maana maharagwe ya huku yanakula kuni nyingi, na mwenye sufuria ya presha anakushinda kuipua.

Aliyekariri mia atapata alama yake. Lakini yule aliyepima, akaona 93, akamuuliza mwalimu "mbona?", huyo ndiye ameanza kusoma sayansi. Na mara nyingi huyo huyo ndiye anaambiwa akae chini asipoteze wakati wa wenzake.

Mnamjua Erasto Mpemba? Kijana wa Tanzania. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, wanafunzi wanajitengenezea aiskrimu. Kanuni ilikuwa uchemshe maziwa, uyaache yapoe, ndiyo uyatie kwenye friza. Mpemba aliona nafasi kwenye friza inaisha, akatia yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyatia bila kuchemsha. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, swali likawa mzaha darasani, eti hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na Mpemba akasimama akauliza tena mbele ya watu. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo pamoja katika jarida la kufundishia fizikia. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa nini, na wanaliita kwa jina la kijana yule. Mimi kinachonigusa zaidi si jina. Ni kwamba alicheka-chekwa miaka yote ile na bado hakuliacha swali lake.

Sasa tuje kwetu. KCSE ya 8-4-4 inaisha mwaka 2027. Kila somo la sayansi, yaani baiolojia, kemia na fizikia, lina karatasi ya tatu, ile ya vitendo, alama 40 kati ya 200. Hiyo ni moja kwa tano ya somo zima. Na tuseme ukweli, wapo wenzetu wanaoshika bureti mara ya kwanza wakiwa kidato cha nne, muhula wa pili, mtihani umebisha hodi. Miaka mitatu walikuwa wanachora bureti. Hata pale ambapo vifaa vipo, kumi wanazunguka meza moja, mmoja anashika, wengine wananakili namba. Na angalieni vizuri ni nani anayenakili. Mara nyingi ni msichana, ameambiwa mwandiko wake ni mzuri.

Na usidhani mtaala mpya utaliondoa hili peke yake. Gredi ya 7, 8 na 9 ziko ndani ya shule za msingi, ambazo nyingi hazikujengewa maabara. Kisha mtoto anapojiandaa kuingia Gredi ya 10 anaambiwa achague mkondo, na STEM ni mmojawapo. Atachaguaje kitu ambacho hajawahi kukigusa?

Wengine watasema hizi ni fikra za Wazungu. La hasha. Huyu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo, miaka elfu moja iliyopita hakukubali kwamba jicho ndilo linalotoa mwanga wa kuonea, ingawa wakubwa wa Kiyunani walikuwa wameshaandika hivyo. Akaingia kwenye chumba cha giza chenye tundu dogo, akatazama mwanga unavyopita. Kitabu chake cha mambo ya kuona, Kitab al-Manazir, kimejaa maelezo ya namna ya kupima jambo na kulirudia. Tunampenda kwenye mabango. Tungemfuata pia kwenye chumba chake cha giza ingekuwa bora. Sanduku la viatu, sindano na karatasi ya mafuta vinatosha.

Na hapa Kenya jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1998 Wizara ya Elimu ilianzisha mradi wa SMASSE pamoja na shirika la Japani, JICA, katika wilaya tisa, kuwafunza tena walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Walifundishwa mambo manne: kazi ya mikono, mwanafunzi awe katikati ya somo, majaribio, na kubuni vifaa kwa kinachopatikana. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha CEMASTEA kule Karen, Nairobi. Basi mwalimu akikwambia haiwezekani, muulize kwa adabu kama alipitia mafunzo hayo.

Hapa Nakuru kwetu, upande wa Njoro, mwalimu Peter Tabichi wa Keriko Mixed Day, shule yenye kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, alisimamia klabu ya sayansi mpaka wanafunzi wake wakatengeneza kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Machi 2019 alipokea Global Teacher Prize kule Dubai, dola milioni moja. Ndiyo, ni mtawa wa Kikatoliki. Elimu tunaichukua inakopatikana.

Lakini hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu habari ya Tabichi hutumiwa vibaya. Alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wengine. Huo ni moyo wake. Serikali isije ikaufanya moyo wa mwalimu mmoja kuwa bajeti. Kubuni vifaa kunasaidia tukisubiri maabara. Hakuiondoi maabara kwenye orodha ya madai yetu. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kiwango kilichotangazwa na serikali ni shilingi 22,244 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na 15,042 kwa wa sekondari msingi, na sote tunajua pesa hizo huja kwa kuchelewa na kwa vipande. Zikifika, ni ngapi zimenunua kemikali? Hilo si swali la fitina. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Kwa hivyo mzazi akienda kwenye mkutano wa shule, mpe maswali mawili ya kubeba: muhula huu mtoto wangu amefanya majaribio mangapi kwa mikono yake, na daftari la vifaa vya maabara liko wapi nilitazame? Aulize kwa upole, ajibiwe kwa maandishi. Asipojibiwa, tuleteeni hapa, barua tutamsaidia kuandika.

Huku tukingoja majibu, viazi tunavyo. Dundori nzima ni viazi, na bado watoto wetu wanakariri osmosisi kama jina la mji wa ng'ambo. Kata vipande viwili vya kiazi kibichi, urefu sawa, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Vipime baada ya saa moja. Cha chumvi kitalegea na kufupika, kile kingine kitakakamaa. Mamako analijua hili kila anapotia chumvi kwenye kachumbari ikatoa maji. Ponda maua ya bogenvilia kwenye spiriti, chuja, uone rangi inavyobadilika kwenye ndimu, kwenye maji ya jivu, kwenye maziwa mgando. Spiriti ikae mbali na moto, na asidi za maabara hizo ziacheni kwa mwalimu.

Jumamosi baada ya Adhuhuri tunakutana pale pale. Kila mmoja aje na viazi viwili, chumvi, rula, na mdogo wake mmoja wa Gredi ya 7 kwenda juu. Themometa ipo. Dada ndio watakaoshika vifaa kwanza. Ndugu zangu, safari hii nyinyi mtaandika.