Utomvu wa Miti Juu ya Rangi ya Gari

(Maneno yaliyosomwa mbele ya madereva na waosha magari katika mkutano wa tawi)



Leo hatukusimama kusema juu ya nyongeza ya mshahara, lakini mtaona kwamba maneno haya nayo mwisho wake yaangukia mfukoni.

Mwenzetu mmoja aliliacha gari la mwajiri wake siku mbili chini ya msonobari, mti ambao wengi wetu twauita mpaini. Aliporudi alikuta boneti imejaa matone ya utomvu, makavu na magumu. Kwa kuogopa kugombezwa alishika kisu akayakwangua. Matone yalitoka, na rangi ikatoka pamoja nayo. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara, wala hakuitwa kuulizwa lolote.

Ndugu zetu, kwanza tuijue kazi. Gari la siku hizi lina vanishi juu ya rangi, na unene wake ni kama nusu ya karatasi ya kuandikia. Kisu, msasa, au waya ya kusugulia sufuria hupita pale mara moja. Petroli, tina na mafuta ya breki tusivitumie: vyaweza kuharibu rangi yenyewe.

Pili, tukitambue kilichodondoka, kwa maana si kila kinatacho ni utomvu. Mara nyingi ni maji matamu yatolewayo na wadudu wadogo wanaofyonza majani. Hayo ni sukari, na maji ya vuguvugu yenye sabuni yatosha. Gundi ya mgunga nayo hulainika kwa maji: weka kitambaa chenye maji moto kiasi, ungoje, kisha upanguse. Lakini utomvu wa msonobari haukubali maji. Huo wataka spiriti, kama ile iuzwayo katika maduka ya dawa.

Kazi yenyewe ni hivi. Peleka gari kivulini, ungoje bati lipoe. Lioshe kwanza, mchanga utoke, maana mchanga ukisuguliwa ndio unaokwaruza. Jaribu spiriti mahali pasipoonekana, hasa ikiwa gari limepigwa rangi upya. Kisha lowesha kitambaa laini, ukiweke juu ya tone muda wa nusu dakika, upanguse polepole bila kukandamiza. Tone likibaki, rudia kwa upande safi wa kitambaa. Likiisha, osha kwa sabuni, suuza, kausha, upake nta. Usingoje kesho: kadiri jua linavyoliwakia tone ndivyo linavyozidi kuganda na kuila vanishi.

Spiriti hushika moto upesi. Tuifanyie kazi mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, na mikono ivae glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga kwa mtu anayeshika vitu vyenye madhara. Kwa hiyo kuomba glavu si ukaidi.

Sasa turudi kwa mwenzetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa, ikiwa uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mtumishi. Makato yote pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Je, mtu aliyejitahidi kusafisha gari, asiyefundishwa wala kupewa spiriti ya bei ndogo, alikusudia kuharibu? Sisi twasema hakukusudia. Na mtu akitishwa kufukuzwa kwa kosa la kazini, kifungu cha 41 champa haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama.

Basi twawaomba mambo matatu. Mkiona tone, lisafisheni kwa njia hii siku ile ile. Mkikosa vifaa, viombeni kwa maandishi, mweke nakala. Na mkikatwa mshahara, msinung'unike pembeni: leteni karatasi ya mshahara kwa mwakilishi wa chama upesi.

Tone la utomvu ni dogo, lakini mshahara wa mtu ni chakula cha watoto wake. Tuijue kazi yetu, na haki yetu tuijue vilevile.