Mbio Ndefu Hazirefushwi kwa Siku Moja



Katika miaka ya karibuni jambo moja limeonekana waziwazi katika miji ya nchi hii. Alfajiri, kabla mabasi hayajajaa abiria, barabarani wapo watu wazima wanaokimbia. Si wanariadha wa timu ya taifa, wala si askari walio mazoezini. Ni makarani, walimu, wahasibu na wauguzi, na wengi wao kazi yao ya mchana kutwa ni kiti na meza. Baadhi wamesukumwa na mganga aliyewapima shinikizo la damu au sukari. Wengine wamevutwa na wenzao wa ofisini. Jambo hilo ni jema, na halihitaji kutetewa hapa.

Linalohitaji kuzungumzwa ni wale wanaoacha. Mtu huanza mwezi wa Oktoba akiwa na ari kubwa. Hujiandikisha kwa mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo zimekuwa zikifanyika Moshi tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Huchagua nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushei. Ifikapo Januari anachechemea. Akiulizwa, husema goti limekataa, kisha huongeza kwamba umri nao umekwenda. Mara nyingi umri husingiziwa. Goti liliombwa kazi ambayo halikuandaliwa kuifanya.

Mathalani, karani mmoja amezoea kukimbia kilomita 8 kila Jumamosi kwa muda wa miezi miwili. Jumamosi moja anaungana na kundi linalokwenda kilomita 15. Moyo unamruhusu, pumzi zinamruhusu, na mazungumzo ya njiani ni matamu. Anamaliza safari akijiona shujaa. Jumatatu anapanda ngazi za ofisi akishika ukuta, na wiki mbili baadaye muundi wa mguu wake mmoja unauma kila anapokanyaga.

Chanzo cha balaa hilo ni kwamba viungo vya mwili havina mwendo mmoja wa kujijenga. Moyo, mapafu na damu huitikia mazoezi upesi. Katika wiki chache tu mtu huona kilima kilichomhemesha kimekuwa tambarare. Kano na mifupa huchelewa. Mfupa unaopata mzigo mpya hauanzi kwa kuongezewa. Kwanza chembe maalumu huchimba na kuondoa sehemu iliyochoka, ndipo nyingine hujaza mahali pale mfupa mpya. Kazi hiyo huchukua kiasi cha miezi mitatu au minne kukamilika, na katikati yake mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo pumzi ni shahidi asiyetosha. Humwambia mkimbiaji kwamba anaweza, ilhali mguu ungali ukijengwa.

Kwa miaka mingi wakimbiaji wa ridhaa wamefundishwa kanuni moja: jumla ya kilomita za wiki isiongezeke kwa zaidi ya asilimia 10 kulinganisha na wiki iliyotangulia. Kanuni hiyo imerudiwa mno hata ikachukuliwa kama sheria ya maumbile. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Groningen, nchini Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha zaidi ya watu 500 wanaoanza kukimbia. Kundi moja lilifuata ratiba ya wiki 13 iliyopanda taratibu kwa kanuni hiyo, na jingine lilifuata ratiba ya kawaida ya wiki 8. Katika makundi yote mawili, mtu mmoja hivi kati ya watano aliumia. Tofauti haikuonekana.

Wapo waliofurahia habari hiyo na kudai kwamba basi kila mtu ajikimbilie apendavyo. Hitimisho hilo ni la haraka. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti mkubwa zaidi, ulioongozwa na wataalamu wa Denmark, uliofuatilia wakimbiaji 5,205 wa nchi mbalimbali kwa muda wa miezi 18. Asilimia 35 kati yao walipata maumivu yaliyowasimamisha au kuwapunguzia mazoezi. Watafiti walipolinganisha jumla ya wiki moja na wiki zilizotangulia, hawakuona kwamba ongezeko la jumla ndilo lililokuwa likiumiza watu. Walipotazama safari moja moja, hatari ikajitokeza. Mtu aliyekimbia siku moja umbali uliozidi, kwa asilimia 10 hadi 30, safari yake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita, hatari yake ya kuumia kwa kuchakaza mwili iliongezeka kwa asilimia 64. Aliyezidisha zaidi ya mara mbili, hatari yake iliongezeka kwa asilimia 128.

Ni kweli kwamba takwimu za namna hii huonyesha uhusiano, wala hazitoi hati ya dhamana. Hata mwenye kupanda taratibu anaweza kuumia. Hata hivyo, swali la mkimbiaji sasa limebadilika. Awali alijiuliza: wiki hii nimekimbia kilomita ngapi kwa jumla? Sasa anapaswa kujiuliza: katika siku 30 zilizopita, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kilomita ngapi? Karani wa kilomita 8 anaweza kuongeza siku ya nne ya kukimbia katika wiki, mbio fupi za kilomita 4, bila kujitia katika hatari kubwa. Kuruka kutoka 8 kwenda 15 asubuhi moja ndiko kulikomvunja.

Hesabu yenyewe haihitaji mashine. Kutoka kilomita 8, hatua ya asilimia 10 humpeleka kwenye 8.8, kisha 9.7, kisha 10.6. Hatua ya tano humfikisha karibu 13, na ya kumi kidogo chini ya 21. Hizo ni wiki kumi endapo hatapumzika hata mara moja, na hapana budi apumzike. Desturi nzuri ya walimu wa riadha ni kupanda wiki tatu na kushuka ya nne, ili mwili ulipe madeni yake. Katika wiki ya kushuka, mtu aliyefika kilomita 14 hukimbia 9 au 10 tu. Wiki tatu za kushuka zikijumlishwa, na mbili za mwisho za kupunguza mazoezi kabla ya mashindano, ratiba inakuwa ya wiki 15. Anayeitaka Moshi mwishoni mwa Februari awe ameanza katikati ya Novemba, tena awe tayari na kilomita 8 mguuni. Isisahauliwe pia kwamba njia ya pale si ya mezani. Hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mjini, na kilomita moja ya mlima hailingani na kilomita moja ya tambarare ya Dodoma au ya ufuko wa Dar es Salaam.

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni mwendo. Mtumishi akikimbia umbali mpya hutaka pia kuukimbia kwa kasi mpya, kana kwamba kuna mtu anayempigia saa. Arthur Lydiard wa New Zealand, mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu mjini Auckland, aliwaongoza Peter Snell na Murray Halberg hadi wakapata medali za dhahabu Roma mwaka 1960. Snell alikimbia mita 800 tu, lakini mazoezi yake yalikuwa na safari za kiasi cha kilomita 35 katika vilima vya Waitakere. Safari hizo ziliwekwa kujenga pumzi na miguu, wala si kupimana ubavu. Miaka michache baadaye Lydiard aliwakusanya watu wa makamo wa mji wake, miongoni mwao wenye maradhi ya moyo, akawafundisha kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea. Kipimo hicho bado kinafaa. Mkimbiaji asiyeweza kutamka sentensi nzima bila kukatika amezidisha mwendo, na katika wiki ya kurefusha umbali kasi haiguswi.

Hapa hutajwa jina la John Stephen Akhwari, na hutajwa vibaya. Inajulikana kwamba mwaka 1968 katika jiji la Mexico, mahali palipo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Akhwari alianguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akamaliza marathoni akiwa wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Taifa linamheshimu kwa haki. Lakini kumfanya kisingizio cha kukimbia Jumamosi juu ya mguu ulioumia ni kutoelewa kisa chake. Akhwari alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa, katika siku moja iliyokuja mara moja katika miaka minne. Jumamosi ya mazoezi hurudi kila baada ya siku saba.

Basi mtu atambue maumivu yake. Misuli inayouma pande zote mbili, ikalegea baada ya kutembea kidogo, ni jambo la kawaida. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole na yanayoongezeka kadiri mtu anavyokimbia, huenda ni dalili ya ufa wa mfupa, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kukimbia na kwenda hospitali. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ghafla havijadiliwi. Mtu asimame palepale. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, au mwenye kisukari au shinikizo la damu, apimwe kabla ya kuanza kurefusha umbali.

Tabia moja inayoenea ni ya kumeza diklofenaki kabla ya mbio ndefu ili miguu isiseme. Ni tabia mbaya. Dawa za jamii hiyo, mwili ukiwa umepungukiwa maji, zinaweza kuumiza figo, na tena humnyima mkimbiaji onyo alilohitaji kulisikia. Maji nayo yana kiasi chake. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikutwa na upungufu wa chumvi katika damu, na wengi wao walikuwa wamekunywa kupita kiasi hata wakaongezeka uzito njiani. Kiu inatosha kuwa kiongozi. Kwa joto la pwani msaada mkubwa zaidi ni kuondoka saa 11 alfajiri, na kwa kuwa magari ya nchi hii huenda kushoto, kukimbia upande wa kulia ili kuyaona yanapokuja.

Linabaki jambo la likizo, ambalo walimu wanalijua. Mwalimu amefika kilomita 14 mwanzoni mwa Desemba. Anakwenda kijijini, kuna harusi, kuna shamba, kuna wazazi wa kuwahudumia, na wiki tano zinapita bila kukimbia. Akirudi Januari hukumbuka zile 14 na kuziona kuwa ni mali yake. Kwa kipimo cha siku 30 hana kitu tena. Aanze na kilomita 4 au 5 za taratibu, ajipime upya. Wengine huokoa hali hiyo kwa safari moja ya kilomita 7 au 8 kila wiki hukohuko kijijini, kabla jua halijapanda.

Na yule aliyechelewa, mwenye kilomita 8 mguuni na wiki sita tu mkononi, hesabu imekwisha mjibu: kwa hatua zinazofaa, na wiki moja ya kushuka, hawezi kufika mbali ya 13. Moshi zipo pia mbio za kilomita 5. Ajiandikishe hizo mwaka huu, azikimbie vizuri akiwa na familia yake, na Jumamosi inayofuata arudi kwenye zake 8.