VITABU VYA KALE NI MALI YA NCHI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana wa tawi letu)



Kamati imeniamuru nizungumze nanyi jioni hii juu ya kukusanya na kutunza vitabu vya kale. Nilipoitaja habari hii barazani juzi, kijana mmoja alicheka, akaniambia, "Mzee, watu wataka visima na barabara, nawe watuletea karatasi zilizoliwa na mende?" Sikumkasirikia hata kidogo. Swali lake ni la haki, na hotuba yangu yote ni jibu lake. Na kwa kuwa amekitaja kisima, basi nitaanza na kisima.

Marehemu babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Alipofariki aliacha mnazi, kitanda, saa ya ukutani na kasha la vitabu. Mnazi ulipata mrithi, kitanda kilipata mrithi, na saa nusura iwagombanishe ndugu wawili. Kasha halikumpata mtu. Ndani yake mlikuwamo vitabu vilivyopigwa chapa na madaftari yaliyoandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nasi vijana tuliona ni uchafu wa kuzaa mchwa. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nilimchukulia muuza karanga karatasi zile akafungie karanga zake. Alinipa karanga za kujaza mifuko miwili, nikajiona mjanja.

Baada ya siku chache nilinunua karanga zake. Nilipoifungua karatasi nikauona mwandiko wa babu. Yalikuwapo majina ya watu waliochimba kisima cha mtaa wetu, kila mmoja na siku alizofanya kazi. Majina sita yalisomeka. La saba lilikatika katikati. Nikamkimbilia muuza karanga. Akanionyesha kikapu kitupu.

Ndugu zangu, hata leo watu wa mtaa ule wabishana kisima kile ni cha nani na kilichimbwa na nani. Jibu lilikuwamo kashani. Sisi tulilila pamoja na karanga. Wazee walisema kweli waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ikiwa kisima kimoja kinahitaji daftari, taifa zima je?

Sasa nitawapelekeni mbali kidogo, kisha tutarudi nyumbani. Alikuwapo mtu mweusi jina lake Arturo Schomburg, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kisiwa cha Puerto Rico. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mwalimu wake alimwambia kuwa watu weusi hawana historia, wala mashujaa, wala jambo lolote kubwa walilolitenda. Mtoto yule hakumjibu kwa matusi. Alimjibu kwa vitabu, na jibu lile lilimchukua umri wake wote.

Alihamia New York, akafanya kazi ya ukarani katika benki. Hakuwa tajiri. Lakini kila alipopata fedha kidogo aliingia katika maduka ya vitabu vikuukuu, akatafuta kila kilichoandikwa na mtu mweusi au kilichotaja habari zake. Alitaka hasa chapa za kwanza, zile zilizotoka mtungaji angali hai. Mwaka 1926 maktaba ya mji wa New York ilinunua mkusanyo wake kwa dola 10,000 zilizotolewa na shirika la Carnegie, navyo vilikuwa vitabu zaidi ya elfu tano pamoja na hati na picha. Vikawekwa Harlem, kati ya watu weusi wenyewe. Schomburg alifariki mwaka 1938, lakini maktaba inayoitwa kwa jina lake ingalipo.

Mwaniuliza, kwa nini chapa ya kwanza? Maneno si yale yale? Hapana. Tazameni mfano mmoja. Phillis Wheatley alikuwa binti aliyetekwa Afrika Magharibi akauzwa Boston. Mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kilipigwa chapa London. Mbele ya kitabu yamo maneno ya wakubwa wa Boston, na majina yao, wakishuhudia kwamba mashairi yale kweli yalitungwa na binti yule. Mtu akichapisha mashairi peke yake hii leo, tutasoma mashairi mazuri, basi. Lakini mwenye kuishika chapa ile ya 1773 huona jambo la pili: kwamba mtu mweusi hakusadikiwa kuwa amejitungia mwenyewe mpaka watu weupe wamtolee ushahidi. Mashairi yanatuonyesha akili yake. Ukurasa ule unatuonyesha dhuluma ya zama zake. Ukiutupa ukurasa, umemfutia dhalimu alama za miguu yake.

Haya, turudi nyumbani. Je, sisi tunavyo vitabu vya namna hiyo? Tunavyo, tena vya kutia fahari.

Cha kwanza ni Habari za Wakilindi. Mtungaji wake, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, alieleza kwa Kiswahili habari za watawala wa Usambara, tangu Mbegha hata Kimweri na vita vilivyowatenga watoto wake. Hakikupigwa chapa Ulaya. Kilipigwa chapa Magila, hapa hapa katika nchi ya Tanga, katika mitambo ya misheni, kwa sehemu zilizotoka kati ya mwaka 1895 na 1907. Fikirini udogo wa mitambo ile na uchache wa nakala zilizotoka. Mwaka 1962 kitabu hicho kilipigwa chapa tena Nairobi, na watoto wa Afrika huru wakaweza kukisoma. Kilipigwaje chapa tena? Ni kwa sababu nakala za mwanzo hazikufungiwa karanga zote. Alikuwapo mtu aliyezitunza.

Cha pili ni Desturi za Wasuaheli, kilichotoka Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Kinaeleza kuzaliwa, jando, ndoa, ngoma, safari na maziko ya watu wa Mrima. Jina kubwa mbele ya kitabu ni la Mdachi, Carl Velten. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin akawafundisha Wadachi Kiswahili. Aliporudi mwaka 1905 pamoja na mkewe Mdachi, serikali ya kikoloni haikuwapa ruhusa ya kushuka wakakaa hapa kama mume na mke. Alirudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa Marekani mwaka 1981, hapo ndipo jina la Mtoro lilipowekwa wazi katika anwani. Hesabuni wenyewe: miaka 78 mtu yumo ndani ya nyumba aliyoijenga, na mlangoni lipo jina la mwingine.

Ndugu zangu, mwenye chapa ya 1903 mkononi anavyo vitu viwili. Anayo maneno ya Mtoro katika Kiswahili cha Mrima, kabla Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 haijaanza kusanifisha maandishi ya vitabu vyetu. Na anao ushahidi wa namna kazi ya Mwafrika ilivyotiwa jina la mwingine. Vyote viwili ni historia yetu, kitamu na kichungu.

Cha tatu ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zamani za Mazrui. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa wazee na kuyaandika, akimsaidia padre Mwingereza jina lake Taylor. Hati zile sasa zipo London. Mwaka 1940 William Hichens alitoa diwani ya Muyaka, nayo ikapigwa chapa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka, Nairobi. Tazameni mnyororo huo: wazee, Sikujua, Taylor, Hichens, Abdulaziz. Pete moja ingalikatika, leo tungalisema alikuwapo mshairi hodari Mombasa, ila hatujui alisema nini.

Hapa nataka tuseme kweli, maana chama kisichosema kweli ni ngoma tupu. Wako wanaopiga kelele kwamba wageni walituibia kila kitu. Ni kweli hati nyingi za pwani hii zimo London na Ujerumani, na mwanafunzi wetu akitaka kuziona kwa macho yake hana budi kuomba fedha za safari na ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Hilo ni jambo la kutuuma, na yafaa serikali zetu zisichoke kulidai. Lakini karatasi za babu yangu hakuziiba Mdachi wala Mwingereza. Niliziuza mimi. Mgeni alijua thamani ya vitu vyetu nasi hatukujua. Hilo ndilo kosa lililo mikononi mwetu kulisahihisha leo, bila kungoja mkutano wowote wa mataifa.

Basi tufanyeje? Nitasema mambo matano mepesi.

Kwanza, jueni mlicho nacho. Mkikuta kitabu kikuukuu, msitazame jalada tu. Fungueni kurasa za mwanzo, mtafute mji, mwaka, na maneno yanayosema ni chapa ya ngapi. Na msidhani cha kale ni lazima kiwe cha miaka mia. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitoka mwaka 1934. Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1951. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kitabu chake kikubwa mwaka 1945 kwa Kikerewe, na Kiswahili chake kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Chapa za kwanza za vitabu hivi huenda zimo kabatini kwa shangazi yako, zimeegemezewa redio.

Pili, vitunzeni. Adui ni maji, jua, mchwa na mikono yetu. Msiweke kitabu sakafuni, wala juu ya jiko, wala msikibandike kwa gundi ya utepe, maana hugeuka manjano na kula karatasi. Kifungeni kwa kitambaa safi kikavu, mkifungue na kukipepea mara kwa mara. Wazee walitia majani makavu ya mwarobaini kashani kuzuia wadudu, na hawakuwa wajinga.

Tatu, andikeni habari zake katika daftari: kilikuwa cha nani, kilipatikana wapi, mwaka gani. Jina la mwenyewe lililoandikwa ndani, hata doa la kahawa, msilifute. Kitabu kisicho na habari za mwenyewe ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni.

Nne, pigeni picha kila ukurasa kwa simu zenu. Kijana atasema, "Basi nikishapiga picha si nitupe karatasi?" La, bwana. Picha huonyesha ulichokusudia kukipiga tu. Karatasi yenyewe, uzi wake na wino wake hujibu maswali ambayo hatujayauliza bado.

Tano, msiuze gizani. Mtu akija na gari zuri akakupa fedha za haraka kwa kasha la baba yako, mwambie arudi kesho. Usiku huo waulize walimu, maktaba ya mkoa, nyaraka za taifa, chuo kikuu. Ukikabidhi, dai hati ya mapokezi yenye jina la ukoo wako. Na viongozi nao wasidhani watu watatoa mali yao kwa kupigiwa makofi tu. Schomburg alilipwa. Mjane aliyetunza kasha miaka arobaini naye anastahili kulipwa.

Tena tusisahau magazeti. Gazeti ni kitu cha senti chache, kesho ni la kufungia samaki. Lakini ni nani leo atakayeeleza mawazo ya Waafrika wa Dar es Salaam kabla ya vyama vya uhuru bila kulisoma Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah mwaka 1937? Waliolitoa hawakuwa na fedha. Walikuwa na neno la kusema, na anayetaka kulisikia leo ni lazima apate karatasi zile zile. Basi hata gazeti hili la chama, kadi zenu, na vikaratasi vya mikutano, wekeni nakala moja moja.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja, kisha nakaa. Tawi letu linunue kabati moja la mbao lenye kufuli na daftari moja kubwa. Na kila mwanachama aliyepo hapa, kabla ya mkutano ujao, aingie chumbani kwa mzee wake, aombe ruhusa kwa adabu, afungue kasha, atuletee jina la kitabu kimoja na mwaka wake. Si lazima alete kitabu. Alete jina tu, tuliandike.

Na yule kijana wa barazani namwambia hivi: kichimbe kisima, mwanangu, nami nitakusaidia kuvuta kamba. Ila siku ile ile tuandike majina ya waliochimba, yote saba, na karatasi ile tuifungie kabatini.