Tope Ndani ya Injini

Ndugu mafundi,

Hapa Salama, kando ya barabara ya Nairobi na Mombasa, twaletewa magari yaliyokwisha tembea kilomita nyingi mno. Tope jeusi tulikutalo chini ya kifuniko cha valvu ni oili iliyochoka, masizi na maji.

Wengine wetu tumezoea kumimina mafuta ya taa na kuwasha injini. Tuache! Oili huwa nyepesi. Tope hung'oka vipande vipande likaziba chujio la pampu, beringi zikaungua, na mshahara ukatwao ni wetu.

Tushushe sampu, tukwangue kwa mkono, tuoshe chujio. Kisha oili na filta vibadilishwe mapema, baada ya kilomita 1,000 hivi, mara mbili tatu. Mwenye gari mwenye haraka aelezwe kabla hatujashika spana.