Kamera Inayoona Gizani: Vifaa Vipya na Filamu za Kujitegemea

Filamu ya The Creator ilitoka mwaka 2023 kwa bajeti ya takriban dola milioni 80. Kwa fedha hizo mwongozaji wake, Gareth Edwards, angeweza kukodi kamera yoyote duniani. Akachagua Sony FX3, kamera isiyofika kilo moja, iliyoingia sokoni mwaka 2021 kwa karibu dola 4,000. Ni kamera ambayo hata mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kujichangisha akainunua. Makala hii inashikilia kwamba faida kubwa ya vifaa vya miaka ya karibuni ni hiyo aliyoitumia Edwards, yaani kushuti penye mwanga hafifu. Hizo 4K, 6K na 8K, yaani wingi wa nukta za picha, zinazopambwa kwenye matangazo zinafuata nyuma, tena mbali.

Sensa ya FX3 inaporekodi kwa logi, yaani picha bapa inayosubiri kurekebishwa rangi wakati wa kuhariri, ina viwango viwili vya msingi vya ISO (wepesi wa kupokea mwanga): 800 na 12,800. Kikichaguliwa kile cha juu, chenga hupungua na sehemu zenye kivuli hubaki safi. Wapiga picha wa filamu hiyo, Greig Fraser na Oren Soffer, waliweza kufanya kazi na taa ndogo za LED, nyingine zikiwa juu ya fito, mshikaji akimfuata mwigizaji kila anapogeukia. Lakini haki isemwe: lenzi zao za anamofiki na kazi ya kompyuta ya Industrial Light & Magic havikuwa vitu vya bei ya dukani.

Kwa mwenye bajeti ndogo huku kwetu, maana yake ni kubwa. Tukio la usiku limezoeleka kudai jenereta, mafuta, nyaya na taa nzito, kisha mngurumo wa jenereta uharibu mazungumzo. Kwa sensa ya namna hii, balbu ya kibanda cha chipsi na taa moja ya betri vinaweza kutosha.

Sharti uso usimamiwe. Mwigizaji mwenye ngozi nyeusi akisimama kando ya mtu aliyevaa kanzu nyeupe, kamera iliyoachwa ijipimie mwanga yenyewe huvutwa na kanzu, na sura ya mwigizaji huzama. Mwanga upimwe usoni. Hapo ndipo biti 10 za rangi zinapolipa: biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 hutoa 1,024. Kivuli cha shavuni kikinyanyuliwa wakati wa kuhariri, ngazi chache huleta michirizi, lakini ngazi nyingi hulinda ulaini wa ngozi. Anayelinganisha kamera mbili za bei moja aulize biti kabla ya kuuliza K.

Kuna tatizo jingine la nyumbani kabisa. Canon 5D Mark II, iliyotangazwa mwaka 2008 na kuwafungulia mlango maelfu ya vijana, ilianza kwa kurekodi fremu 30 tu kwa sekunde, na fremu 24 na 25 zilikuja kwa sasisho la mwaka 2010. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ikiwekwa 1/60, kila fremu hunasa kipande tofauti cha mpepeso huo, na mistari myeusi hupanda na kushuka ukutani. Dawa yake ni fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100. Kamera zilizoletwa kutoka Marekani mara nyingi huja zimepangwa kwa NTSC, mfumo wa fremu 30, kwa hiyo zihamishiwe PAL, mfumo wa fremu 25, kabla ya kwenda lokesheni.

Kamera hiyo ya Canon haikuwa hata na tundu la hedifoni, na upungufu huo umeacha mazoea mabaya: sauti kuonekana jambo la baadaye. Mwongozaji Sean Baker alishuti filamu ya Tangerine, iliyooneshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2015, kwa simu za iPhone 5s, lakini sauti ilirekodiwa kando kwa vifaa vya kitaalamu. Leo kinasa sauti kama Zoom F6 cha mwaka 2019 hurekodi kwa floti ya biti 32, kiasi kwamba mnong'ono na ukelele huingia katika faili moja bila sauti kupasuka. Hakiondoi bodaboda inayopita. Maiki bado inapaswa kumkaribia mwigizaji.

Halafu kuna hifadhi, inayosahaulika kuliko yote. Mtengenezaji filamu Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe, kisha akalazimika kufuta faili za filamu hiyo ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Filamu ikajulikana dunia nzima huku malighafi yake ikiwa imepotea. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Saa 10 za picha, katika nakala mbili, ni gigabaiti 900. Diski mbili za terabaiti moja, moja ya studio na nyingine ya kulazwa nyumba tofauti, ziandikwe kwenye bajeti kabla ya kamera kukodiwa.